Nyasi za Shimo la Sita

Jumatatu, 19 Agosti

Mzee Eachann anastaafu! Nyonga imemshinda. Mkewe, Oighrig, amekwishapata nyumba Inverness, mjini bara, karibu na hospitali, na siku ya kupanda meli imezungushiwa wino mwekundu kwenye kalenda ya jikoni kwao. Miaka thelathini na minne ameutunza uwanja wetu wa gofu hapa kisiwani, na mimi ishirini na miwili nyuma yake nikiburuta reki. Nilisikitika sana. Nikasikitika mpaka chai ikapoa. Halafu nikaanza kuiwaza nafasi yake.

Wa kuirithi tuko wawili tu. Mimi, na Seonag, binti wa dada yake. Seonag ana miaka ishirini na tisa na cheti cha nyasi kutoka chuo cha bara. Cheti cha nyasi! Amekitundika kwenye banda la trekta, juu ya msumari ninaotundikia koti langu. Sasa kila nikivua koti nakisoma.

Kapteni amesema kamati itaamua Jumamosi ya tarehe 31. Kapteni ni mwenyekiti wa klabu. Ndivyo cheo chake kinavyoitwa, lakini maisha yake yote alikuwa akiwang'oa watu meno huko Glasgow. Siku hiyo ni mashindano makubwa, na jioni yake tutamuaga Mzee Eachann. Anataka nyasi ndefu zote ziwe zimefyekwa na kuzolewa. Alisema hayo akinitazama mdomoni.

Seonag amepewa mashimo manne ya kwanza. Mimi matano ya mwisho. Matano kwa manne! Nimeanza kwa kuongoza.

Jumanne, 20 Agosti

Mambo yameharibika hata trekta sijawasha.

Marsaili, yule mama anayehesabu ndege, alikuja asubuhi. Kuna traon kwenye nyasi za shimo la sita! Mama na vifaranga sita, weusi kama masizi, hata kuruka hawajui. Traon ni ndege wa rangi ya udongo, mkubwa kidogo kuliko kware, anayeishi kwa kukimbia ndani ya nyasi na kulia kama mtu anayekwaruza kitana kwenye kiberiti. Ukimtoa kwenye nyasi ndefu hana ujanja. Mahali peupe hakanyagi. Kwa ajili yake hapa kisiwani tunafyeka kuanzia katikati, polepole, tukizunguka kwenda nje, ili akimbilie pembeni. Ukianzia nje unamfungia ndani, na ule mzunguko wa mwisho... basi. Hapa kila mtu analijua hilo tangu utoto.

Marsaili akachomeka vijiti vyekundu kuzunguka nyasi zote za sita. Marufuku kufyeka mpaka Septemba kumi. Kumi! Mashindano ni tarehe 31! Kisha akapanda gari lake kwenda gatini, aende kuhesabu ndege wa kisiwa cha pili, mpaka wiki ijayo.

Mzee Eachann alikuwa pale na mkongojo wake. Alifurahi mpaka akavua kofia. Akasema miaka kumi na moja hajaona traon kwenye sita, na sasa wamekuja kumuaga. Katika miaka yake yote mashine yake haijagusa kifaranga hata kimoja, na ndiyo maana wanamwita Eachann wa Ndege. Kwetu majina ni machache. Akina Eachann tunao saba. Jina la kupewa na watu ndilo mtu mwenyewe. Ndilo litakalotajwa kwenye mazishi yake, na wajukuu zake wataitwa nalo. Mimi naitwa Fearchar Kesho. Sijawahi kuuliza kwa nini.

Jumatano, 21 Agosti

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri. Nimeng'oa vijiti vyote ishirini na vinne, nikavibeba mpaka shimo la tatu, kwa Seonag, nikavichomeka upya kwa mpangilio mzuri kuliko wa mwanzo. Nani alisema sina akili? Sasa ni yeye ambaye hatafyeka! Na mimi kwenye sita je? Sehemu hiyo nilikuwa bado sijaifikia.

Saa tatu Seonag akaviona. Nilijibanza nyuma ya banda nisikie atakavyolalamika. Alipiga mluzi! Tatu ni tope tupu. Mwaka jana trekta lilizama pale, tukalivuta siku nzima. Nimemwondolea mateso ya siku mbili, bure, kwa mikono yangu. Muda huo ameutumia kunoa visu vya mashine zote mbili. Hata ya kwangu! Kapteni akapita, akamwita hazina ya klabu. Akaniuliza mimi nimefanya nini leo. Nikasema nimeamka mapema.

Mzee Eachann leo hajafika tatu wala sita, nyonga haimruhusu. Kesho anapanda ndege kwenda Inverness kupimwa, atarudi Jumanne. Kabla ya kwenda nyumbani alinishika bega, akasema, “Fearchar, mdogo wangu, sita usiiguse.” Nikamwambia Mzee wangu, kalale usingizi.

Ijumaa, 23 Agosti

Kapteni amenibana. Alikuja sita na fimbo yake ya kuchezea, akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema haoni kijiti hata kimoja hapa. Vijiti viko tatu, kwa Seonag. Sasa mimi nangoja nini, kadi ya mwaliko?

Ningeweza kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini ningesema nini? Kwamba vijiti vilikuwepo vikaamka vikatembea? Nikasema nitafyeka kesho. Akasema sasa ameelewa kwa nini naitwa hivyo, na hiyo kesho, saa nne kamili, atakuwa dirishani klabuni na chai yake kuhakikisha.

Jioni nilimuuliza dada yangu Peigi, tunayeishi naye, kwa mbali, bila kutaja mtu. Kama mahali hapana alama, si maana yake hapana kitu? Akasema inategemea ni nani aliyeiondoa hiyo alama. Nikamwambia viazi vimezidi chumvi. Tangu tukiwa wadogo huyu dada hanielewi.

Jumamosi, 24 Agosti

Ukurasa huu ningependa kuuruka.

Saa nne kamili Kapteni alikuwa dirishani. Nilikusudia kuanza katikati, naapa. Lakini kuanza katikati maana yake unaendesha trekta juu ya nyasi zilizosimama mpaka ndani kabisa, kisha unazungukazunguka huko kama mlevi, na mtu aliye dirishani haoni kazi yoyote. Kapteni ameshawahi kunituhumu ulevi mara mbili. Nikasema nipige mzunguko mmoja tu wa nje, aone, halafu niingie katikati. Kapteni akainua kikombe. Nikapiga wa pili. Seonag naye akaja kusimama dirishani. Wa tatu! Visu alivinoa vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Nilipofika wa tisa nilikuwa naimba.

Kwenye wa kumi nikaona nyasi za katikati zinatikisika, na upepo haukuwepo. Kichwa kikachomoza. Kikazama. Nikakanyaga breki, nikashuka.

Nyuma ya trekta, juu ya nyasi zilizolala, kulikuwa na kifaranga kimoja. Kilienea kwenye kiganja changu na nafasi ikabaki. Nilijaribu kukipulizia pumzi. Sijui nilidhani nini. Nikakizika kando ya mtaro kwa mikono yangu, nikalia, mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu, na kule dirishani Kapteni akanipungia mkono. Nadhani alifikiri nimeupata mpira wake.

Najuta. Naandika tena: najuta. Katikati ya sita sasa kuna kisiwa cha nyasi, upana wake hatua kumi na tano. Ndani yake yumo mama na watoto watano, na pande zote ni peupe. Hawawezi kutoka. Na chakula cha humo hakiwatoshi wiki.

Jumapili, 25 Agosti

Nilikwenda kanisani mapema ili niungame. Nilipiga magoti nimeazimia kabisa. Lakini Padre Calum ni mjumbe wa kamati! Na sauti yangu anaijua, naimba kwaya yake. Nikaungama hasira mara tatu, wivu mara moja, na nikaongeza kwamba nimemwonea mdogo asiye na kosa. Akauliza mdogo kiasi gani. Nikasema mdogo sana. Akashtuka, nikasikia kiti chake kikilia. Ikabidi nieleze kwamba hakuwa mtu. Akashusha pumzi, akanipa Salamu Maria tano, halafu kwa sauti ya chini akaniuliza kama sita imeshafyekwa, maana ana mipira yake mitatu humo.

Nilizisali zote tano. Hakuna nafuu yoyote. Labda kwa sababu alisamehe vitu vingine.

Jumatatu, 26 Agosti

Nimepata ufumbuzi! Traon hapiti peupe, lakini chini ya majani atapita. Kwa hiyo majani niliyoyakata nimeanza kuyarudisha kwa uma wa majani, yakafika magotini, mstari mmoja mrefu kutoka kwenye kile kisiwa mpaka kwenye mtaro wenye maua ya manjano. Hatua sabini. Unakatisha njia ya kuchezea katikati. Hilo halikuepukika.

Ni kosa jingine, najua. Nyasi zetu za asili zinataka udongo wenye njaa. Unakata mara moja kwa mwaka, unaziacha siku tatu mbegu zidondoke, kisha unazoa kila kitu. Majani yakiozea pale udongo unanenepa, na udongo ulionenepa huotesha upupu na majani mapana, maua yanakufa. Mzee Eachann akiona unyasi mmoja umebaki huinama kuuokota, na nyonga ile ile. Na mimi nimerudisha mzigo wa trekta zima.

Seonag akatokea. Akauliza hii ni kitu gani, kaka Fearchar. Nikasema ni mbinu ya Wanorwe. Akasema chuoni hawakuisoma. Nikasema ndiyo hasara ya vyeti. Akatazama alama za magurudumu, jinsi zilivyotoka nje kuingia ndani. Akakitazama kisiwa. Uso wake ukabadilika. Nilingoja matusi, nilikuwa nimeshatayarisha majibu mawili. Alishika uma wa pili, tukapanga majani mpaka saa kumi na mbili bila neno. Heri angenitukana.

Jumatano, 28 Agosti

Mzee Eachann amerudi. Amekuja sita kwa mguu, hatua moja moja, Seonag akimshika mkono. Nilikuwa nimejiandaa na maneno ya kutosha: mvua iliyokuwa inakuja, Kapteni, upepo ulioangusha vijiti. Aliketi juu ya robota la majani, akatazama zile alama za magurudumu kwa muda mrefu.

Akauliza wangapi. Nikasema hakuna, Mzee. Akasema, “Fearchar. Wangapi?” Nikasema mmoja. Akavua kofia, akaiweka gotini, na hakuivaa tena mpaka alipoondoka.

Hakunifokea. Vijiti ameshaviona kule tatu, vimenyooka kama askari, na upepo haupangi hivyo. Alisema tu tumwage mchanga laini pale mstari wa majani unapoishia, tuone nyayo. Na watu wasipite hapa siku mbili. Aliposimama aliniegemea mimi, si Seonag, nadhani kwa sababu ndimi niliyekuwa karibu.

Ijumaa, 30 Agosti

Wamevuka! Asubuhi mchanga ulikuwa na nyayo za mama, na vijinyayo vidogo vidogo vimepishana. Marsaili, ambaye amerudi jana, alipiga magoti akavihesabu na kioo chake cha kukuzia. Watano. Mzee Eachann akasema, “Watano wote!” na akanipiga mgongoni. Seonag alicheka. Hata mimi alinichekea. Kwa dakika chache tulikuwa watu wanne wenye furaha tukitazama mchanga.

Marsaili akauliza lakini vijiti vyake vilifikaje tatu. Mzee Eachann akasema watalizungumza baadaye.

Kisha akaniita pembeni. Sasa majani yale niyazoe leo leo, na kisiwa nikimalizie, maana kesho ni mashindano na mstari umelala katikati ya njia. Nikasema bila shaka, Mzee. Nilikuwa tayari kabisa. Lakini nilikuwa nimechoka kwa furaha, na dada Peigi alikuwa amekaanga samaki wa heringi kwa unga wa shayiri, na hao wakipoa hawaliki. Nitaamka saa kumi na moja, kama siku ile ya vijiti. Nimeonyesha kwamba naweza.

Jumamosi, 31 Agosti

Nimeamka saa tatu na nusu.

Nilikimbia na uma mkononi. Nimechelewa! Kapteni alikuwa ameshafika sita, akiongoza, na mpira wake ukaruka vizuri ajabu, ukatua juu ya mstari wa majani, ukazama. Waliutafuta. Nikasaidia kuutafuta. Haukuonekana. Amepoteza kombe kwa pigo moja, na aliyelichukua ni Padre Calum.

Jioni klabu ilijaa. Kondoo wa kuokwa, wiski, watu wa kisiwa kizima wamekuja kumuaga Eachann wa Ndege. Zawadi yake ilikuwa mezani, imefungwa kwa karatasi: darubini ya kutazamia ndege. Wote tulijua. Kapteni akasimama. Akasema kabla hatujafika kwenye mambo mazuri, anataka kujua ni upuuzi gani ule kwenye sita. Marsaili naye akasimama. Akasema na yeye anataka kujua ni nani aliyehamisha vijiti vyake, maana kifaranga kimekufa.

Kifaranga, kwenye uwanja wa Eachann!

Nilikuwa na muda. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: nilikuwa na muda mwingi. Nilitazama viatu vyangu. Kiatu cha kushoto kilikuwa na tope. Niliwaza, nitasema akimaliza kukohoa yule bwana pale mlangoni. Akamaliza.

Mzee Eachann akasimama kwa kushika meza. Akasema vijiti alivihamisha yeye. Alidhani ndege wamehama, na Fearchar alifyeka alivyoagizwa. Macho yake yamechoka. Lawama ni zake. Seonag akaruka kutoka kwenye kiti, uso mwekundu. Mzee akamgusa mkono, akaketi.

Nilisikia mtu nyuma yangu akinong'ona. Kumbe alitaka uwanja upendeze siku ya sherehe yake mwenyewe. Mwingine akasema, na uzee wote ule! Kapteni akampa darubini kwa haraka kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Makofi yaliisha kabla hajaketi.

Jumatatu, 9 Septemba

Nafasi nimepewa mimi! Nilidhani ningeruka kwa furaha.

Kamati ilimtaka Seonag, Kapteni ameniambia wazi bila hata kufunga mlango. Seonag amekataa. Anahamia uwanja wa bara, karibu na mjomba wake. Alikuja bandani kukiondoa cheti chake. Nikamwambia pole kwa kutokupata. Akanitazama kama mtu anayesoma bango la mbali, akasema, “Kaka Fearchar, mjomba angekuwa na jina lake leo kama ungefungua mdomo mara moja tu.” Nikasema nilikuwa najiandaa kufungua. Akasema anajua, hata yeye anajua naitwa nani. Ukutani limebaki tundu la msumari.

Dukani wameshambadilisha. Sasa ni Eachann wa Vijiti. Nimewasikia watatu leo, na mmoja wao alikuwa mtoto wa shule. Majina ya hapa yakishashika hayaoshwi. Najua, langu limekaa miaka arobaini.

Majani ya mstari bado yapo. Mvua siku tisa mfululizo, yameshikamana na ardhi. Kuyazoa sasa ni kazi ya uma na mgongo, siku mbili. Na nani ataona, msimu umekwisha.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimekwenda gatini kuwaaga. Nilikuwa nimeandika yote kwenye karatasi ili nisimung'unye maneno: vijiti, dirisha, kifaranga. Nilipanga kuisoma mbele ya watu wote, kabla meli haijapiga honi. Hata Peigi nilimwambia avae koti zuri, kuna jambo.

Mzee Eachann alikuwa na darubini shingoni. Bwana mmoja wa mizigo akampigia kelele, “Mzee wa Vijiti! Huko Inverness angalia usije ukawakanyaga kuku wa watu!” Watu wakacheka. Mzee naye akacheka kidogo, kwa adabu. Na mimi nikacheka. Sijui kicheko kilitoka wapi. Kilitoka kabla sijakizuia, tena kikubwa kuliko vyote. Oighrig alinigeukia, akanitazama, na mkono wangu ukabaki mfukoni juu ya ile karatasi.

Mzee akanikumbatia. Akasema niutunze udongo, nisiulishe. Honi ikapiga. Nilipunga mkono mpaka bega likauma. Peigi hakuniuliza jambo lenyewe lilikuwa lipi. Alitembea mbele yangu mpaka nyumbani.

Jumatatu, 12 Mei

Mwaka mpya wa kazi, na balaa jipya. Sita imeota mstari! Hatua sabini za kijani kibichi, upupu na majani mapana mpaka kiunoni, kutoka katikati ya njia mpaka mtaroni, na kwingine kote nyasi bado ziko kwenye kifundo cha mguu. Unaonekana kutoka klabuni. Unaonekana, nadhani, hata kutoka baharini.

Kapteni alinikuta nimesimama pale. Akauliza ni nani aliyeacha majani yaoze hapa. Nikajisikia nikisema: Mzee Eachann, maskini, macho yale. Lilitoka kirahisi sana, hata sikulitafuta. Kapteni akatikisa kichwa, akasema afadhali amekwenda. Niung'oe wote Ijumaa.

Nilikosa hamu ya kula. Nilikula, lakini bila hamu.

Alhamisi, 15 Mei

Traon amerudi! Analia ndani ya mstari! Mchana kweupe, kitana na kiberiti, kitana na kiberiti. Marsaili alikuja mbio akakaa chini kwenye nyasi, machozi yanamtoka. Akasema wanapofika kutoka Afrika mwezi huu nyasi bado fupi, hawana pa kujificha, na hapa mtu amewawekea upupu mrefu na njia mpaka mtaroni. Hajawahi kuona akili ya namna hii kwenye uwanja wa gofu. Alikuwa na kijana wa gazeti la kisiwani. Kijana akatoa kalamu, akauliza wazo lilikuwa la nani.

Kapteni alikuwa amesimama palepale. Nilimtazama. Nikatazama viatu vyangu. Safari hii sikuchelewa hata kidogo. Nikasema ni langu.

Jumamosi, 24 Mei

Gazeti limetoka. Ukurasa wa tano, picha yangu na upupu. Chini yake wameandika: Fearchar wa Ndege. Dukani wameanza kuniita hivyo, na mwenye duka amenipa mkate wa shayiri bila kunidai. Nilitembea nyumbani taratibu ili nikutane na watu.

Jioni simu ikalia. Mzee Eachann! Nyonga mpya inafanya kazi, anatembea mpaka mtoni na darubini. Amesikia kwa Seonag kwamba traon yuko sita, akasema usiku ule hakulala kwa furaha. Kisha sauti ikashuka. Akaniuliza huko nyumbani siku hizi wanamwitaje. Nikasema Eachann wa Ndege, Mzee, kama siku zote. Yale mengine waliyasahau kabla ya Krismasi. Nikamsikia akimwita Oighrig, aje asikie. Akanifanya nirudie, na mimi nikarudia. Oighrig nilimsikia akipenga kamasi.

Sasa tatizo ni gazeti. Peigi humtumia Mzee kila wiki kwa posta, na hili ameshaliandikia anwani. Atafika ukurasa wa tano, ataona ni nani amelichukua jina lake. Nimemwambia Peigi asisumbuke, nitalipeleka mwenyewe. Akanipa, akasema anatumaini angalau mara hii moja litafika likiwa zima. Sijui alikuwa na maana gani.

Nimekata ukurasa wa tano kwa mkasi, taratibu, pembezoni, huwezi kujua. Kazi safi kabisa. Halafu nikaugeuza. Nyuma yake ni matangazo ya vifo, na Mzee Eachann huanza kusoma hapo.

Nitamwambia ni panya.